KAZI YA MOTO NA NYUNDO: Jinsi Chuma Kinavyopata Ugumu na Jinsi Kinavyoupoteza



Katika masoko ya Matete na vijiji vinavyoizunguka, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, mkulima anayetaka panga la kukatia miwa aweza kulinunua dukani likiwa limetoka kiwandani, ama aweza kumwendea mhunzi aliyelifua kwa kipande cha springi ya lori. Na iwe kwamba wakulima watatu wamenunua kwa wahunzi mapanga matatu. Yote yamekatwa katika springi moja, yana urefu mmoja na uzito mmoja, na yote yanang'aa sawasawa. Kabla ya juma la kwanza la kukata miwa kwisha, panga la mtu wa kwanza limejikunja makali. La pili limegonga jiwe mara moja tu, likakatika vipande viwili, na kipande kimoja kikampita mwenzake karibu na jicho. La tatu lingali linakata, na jioni halitaki zaidi ya kupitishiwa tupa mara tatu au nne.

Watu husema kwamba mhunzi huyu ana mkono mzuri na yule ana mkono mbaya. Na zamani walikuwapo waliosema kwamba mhunzi ana dawa. Neno la mkono si la uongo, ila halielezi jambo. Chuma kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni moto kilioupata, nyundo kilizopigwa, na utaratibu ambao moto, nyundo na maji vilifuatana. Ni vyema mambo hayo yaelezwe, kwa sababu hayawahusu wahunzi peke yao. Yamhusu pia mama anayetoa mpini wa jembe uliovunjika, fundi anayepinda nondo za darasa la shule, na mwenye trela ya kubebea miwa.

Mtu akitazama mahali chuma kilipokatika, hasa chuma kilichoharibika, ataona vitu vinavyometameta kama sukari guru iliyovunjwa kwa jiwe. Hizo ni chembe za chuma. Ndani ya kila chembe mna atomu, yaani vijisehemu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, navyo vimepangwa kwa safu kama punje za mahindi katika gunzi lake. Chembe moja hupakana na nyingine, lakini safu zake hazielekei upande mmoja na safu za jirani yake.

Chuma kinapopindwa, safu hizo huteleza moja juu ya nyingine. Zinapofika kwenye mpaka wa chembe, huzuiwa. Kwa hiyo chuma chenye chembe kubwa kina mipaka michache, na chenye chembe ndogo kina mipaka mingi. Chenye mipaka mingi ni kigumu kupinda, wala hakipasuki upesi, kwa kuwa ufa nao hupotea njia kila ufikapo mpakani. Karibu kazi yote ya mhunzi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuiita hivyo, ni kuzifanya chembe ziwe ndogo na kuzizuia zisikue tena.

Kila mtoto aliyechezea waya ajua jambo moja katika haya. Waya wa shaba ukipindwa mara ya kwanza ni laini. Ukinyoshwa na kupindwa tena mahali pale pale huwa mgumu, na mara ya saba au ya nane hukatika. Ugumu ule haukutoka nje. Safu zilizokuwa zikiteleza zimesongamana na kuzuiana, kama mikokoteni katika njia nyembamba siku ya soko. Basi chuma kikipigwa kingali baridi huzidi ugumu, lakini uvumilivu wake hupungua kwa kadiri ile ile. Waya ule ukitiwa motoni mpaka uwe mwekundu, kisha ukaachwa upoe, hurudia ulaini wake. Msongamano umefunguliwa na chembe mpya zimezaliwa mahali pa zile zilizovurugika. Lakini ukiachwa motoni muda mrefu kupita kiasi, chembe hizo mpya humezana, kubwa ikila ndogo, na waya huwa dhaifu.

Nyundo peke yake, basi, hukifanya chuma kuwa kigumu hata kivunjike, na moto peke yake hukifanya laini na chenye chembe kubwa. Jambo kubwa ni vitu hivyo viwili vikifanya kazi kwa wakati mmoja. Mfano wake upo jikoni. Unga ukitiwa katika maji ya moto na kuachwa bila mwiko, hutokea madonge. Unga ukisongwa katika maji baridi hubaki uji mbichi. Ugali hupatikana moto ukiwaka chini na mwiko ukifanya kazi juu, wala hakuna mpishi awezaye kupika kwanza kisha asonge baadaye. Hali kadhalika chuma kilicho moto kikipigwa, chembe zake huvunjika na kuzaliwa tena papo hapo, kila pigo likiacha chembe ndogo kuliko zile zilizotangulia.

Kuna chuma kisichofuliwa bali husubiwa, yaani huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Vyungu vizito vya miguu mitatu ni vya namna hiyo. Hustahimili moto, lakini chungu cha namna hiyo kikianguka juu ya sakafu ya saruji hupasuka kama kigae. Ni kwa sababu kina kaboni nyingi mno, na wala nyundo haijapata kukigusa.

Watu wa magharibi ya Kenya hawakungoja lori ndipo wajue mambo haya. Katika vilima vya Samia, katika Kaunti ya Busia karibu na mpaka wa Uganda, palikuwa na mawe yenye chuma, na majembe ya Wasamia yaliuzwa kwa majirani wa mbali na wa karibu. Jembe lilikuwa mali, na katika sehemu nyingi lilihesabiwa katika mahari. Mawe yale yalitiwa katika tanuru ya udongo pamoja na makaa ya miti, na mivuo ikasukuma hewa ndani. Chuma kisicho na kitu kingine huyeyuka kwenye joto la digrii 1,538 za Sentigredi, na kwa kawaida tanuru za namna hiyo hazikukiyeyusha. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilitia motoni, akalipiga, akalirudisha motoni, akalipiga tena, na kila pigo likayakamua mavi yale kama maji yakamuliwavyo katika nguo. Mtu aliyeacha kupiga mapema alipata jembe lenye uchafu ndani, nalo lilikatika palipokuwa na uchafu.

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya huko Bukoba, Tanzania, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walishirikiana katika miaka ya 1970 na wazee waliokumbuka kazi hiyo. Wazee walijenga tanuru tena na kuyeyusha mawe mbele yao. Mwaka 1978 habari hizo zilichapishwa Marekani katika gazeti la wanasayansi liitwalo Science, pamoja na habari za tanuru za karibu miaka 2,000 iliyopita zilizofukuliwa katika nchi ile ile. Wazee walichoma kwanza majani ya kinamasini ndani ya shimo la tanuru, na makaa ya majani hayo yalikuwa na kazi yake katika kukipa chuma kaboni. Watu wa Matete, ambao makao yao kwa Kiswahili yana jina la majani ya mtoni, huenda wakaifurahia habari hiyo. Wataalamu wengine walibishana baadaye na mabwana hao juu ya kadiri ya joto na juu ya njia ya hewa ndani ya tanuru.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na njia nyingine ilipopita Webuye katika miaka ya 1920, majembe kutoka Uingereza yalishuka bei. Mengi yalikuwa na alama ya mamba, kazi ya kiwanda cha Chillington katika mji wa Wolverhampton. Tanuru za kuyeyushia mawe zilizimika, kwani hakuna awezaye kushindana kwa bei na mzigo wa meli. Lakini ufuaji haukuzimika. Mhunzi aliacha kuchimba mawe, akaanza kuokota vyuma vilivyochakaa, na leo chuma kizuri kuliko vyote avipatavyo ni springi.

Springi ya lori si chuma cha kawaida. Ni pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kwa kipimo. Katika sehemu elfu za springi, sehemu tano au sita hivi ni kaboni. Kiasi hicho chaonekana kuwa kidogo kama chumvi katika mboga, na kama chumvi, ndicho kinachobadili kila kitu. Chuma laini cha madirisha au cha misumari hakina kaboni ya kutosha, na mhunzi akikichovya majini mara mia hakitakuwa na makali. Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani, na pua iliyo bora waliiita feleji, wakausifu upanga wa feleji kuliko panga zote.

Sasa na ifuatwe kazi ya mhunzi hatua kwa hatua, kwani hapa ndipo yale mapanga matatu yalipoachana.

Kiwandani springi ilikwisha kupewa ugumu wake. Mhunzi anapoitia katika makaa ili ainyoshe na kuipunguza unene, ugumu ule wote unaondoka, na ni lazima uondoke, la sivyo nyundo itarudi mikononi mwake. Anaitazama rangi. Nyekundu iliyofifia, kama kaa linalokaribia kuzimika, ni baridi mno kwa kazi nzito, na akiipiga kwa nguvu yaweza kupasuka. Rangi ya chungwa ndiyo saa ya kupiga, na nyundo na fuawe zisipumzike. Rangi ya manjano yataka uangalifu. Ikifika nyeupe na kuanza kutoa cheche kama fataki, pua imeungua. Hewa ya moto imeingia kwenye mipaka ya chembe na kuitenganisha, na hakuna nyundo wala maji yatakayoiponya. Sehemu ile hukatwa na kutupwa. Wahunzi vijana wenye feni ya umeme hupata hasara hii zaidi kuliko wazee wenye mivuo ya ngozi, kwa sababu feni haichoki wala haimwambii mtu kwamba imezidi.

Kazi hii yafaa kufanyika kivulini. Ni kosa kubwa kuhukumu rangi ya chuma katika jua la saa saba. Chuma kinachoonekana juani kuwa chekundu kidogo, kivulini ni cha chungwa.

Mapigo ya mwisho huwa mepesi, na chuma huwa kimekwisha kurudi katika wekundu. Sababu yake ni ile ile ya chembe. Panga likiachwa likiwa moto sana baada ya pigo la mwisho, chembe ndogo zilizozaliwa kwa taabu hupata nafasi ya kukua. Kisha panga huachwa lipoe polepole penye hewa tulivu. Mpaka hapa ni panga zuri la kutazama, na mhunzi asiye mwaminifu aweza kulinoa na kuliuza. Hilo ndilo panga la mkulima wa kwanza. Limefuliwa vyema, lakini halikupata kuchovywa, na makali yake yamejikunja.

Mhunzi mwaminifu hulirudisha motoni mpaka liwe jekundu kama pilipili iliyoiva. Wengine huwa na sumaku ndogo iliyotundikwa kwa waya karibu na makaa. Chuma kikifika digrii 770 hivi, sumaku haikishiki tena, na hiyo ni ishara kwamba joto linalotakiwa limekaribia, limebaki kidogo tu. Katika joto hilo atomu za chuma hubadili mpango wao, na kaboni, ambayo kwanza ilikuwa imejitenga, huyeyuka ndani ya chuma kama sukari katika chai, ingawa chuma chenyewe kingali kigumu. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hujitenga tena. Kikipozwa ghafula, kaboni hukosa wakati wa kutoka. Hunaswa katikati ya safu kama kabari, na safu haziwezi kuteleza. Chuma huwa kigumu hata tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Na kama kioo, hakistahimili pigo.

Kuhusu kuchovya, watu wengi hudhani kwamba maji ya mtoni yakiwa baridi zaidi kazi huwa bora zaidi. Kwa springi si hivyo. Pua ya springi ina madini mengine yanayoifanya ipokee ugumu hata ikipozwa kwa mwendo wa wastani, nayo ikitumbukizwa majini yaweza kupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana. Mafuta huipoza kwa upole, na ndiyo maana karakana nyingi huwa na debe la mafuta ya injini yaliyotumika. Debe hilo liwe la chuma wala si la plastiki, liwe na mfuniko, na likae mbali na paa la nyasi. Chuma chekundu kikiingia nusu na kukawia hapo, mafuta huwaka moto.

Panga la mkulima wa pili lilifika hapa, nalo likauzwa likiwa hivyo hivyo. Lilikuwa gumu kuliko yote matatu, na siku ya kwanza mwenyewe alilisifu.

Iliyobaki ni hatua ndogo isiyochukua hata robo saa. Panga husuguliwa kwa jiwe mpaka sehemu moja ing'ae. Kisha mgongo wake, wala si makali, huwekwa juu ya chuma kinene kilicho moto, na mhunzi hutazama. Juu ya ule mng'ao hutokea rangi zinazotembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Kwanza hutokea manjano hafifu kama majani makavu, kwenye digrii 220 hivi. Kisha huja kahawia, karibu na 260, ikifuatwa na zambarau, kisha bluu, karibu na 300. Kila rangi ni kipimo cha kabari zilizolegezwa. Patasi ya seremala husimamishwa kwenye kahawia, kwa kuwa kazi yake ni kukata mti bila kupindwa. Shoka huenda mpaka zambarau. Panga la miwa, ambalo hupigwa huku na huku mchana kutwa na kukutana na mawe, huachwa lifikie bluu. Rangi ikifika inapotakiwa, panga huchovywa tena ili joto lisiendelee. Hilo ni panga la mkulima wa tatu. Tupa hulishika kidogo, na likipindwa kidogo kwa goti hurudi mahali pake.

Na ijulikane kwamba wenye viwanda vikubwa hufanya mambo haya haya. Nondo nyingi za chuma zinazouzwa siku hizi kwa ujenzi, zile zenye mistari ya kushika saruji, hutengenezwa kwa moto, kwa kubanwa, na kwa maji, katika mwendo mmoja usiokatika. Mche wa chuma hutiwa katika tanuru hadi digrii 1,100 au zaidi, ukapitishwa kati ya magurudumu mazito yanayoubana na kuunyosha, ambayo ndiyo nyundo ya kiwanda. Unapotoka kwenye gurudumu la mwisho ungali mwekundu, nao hupita katika bomba lenye maji ya nguvu. Ngozi yake ya nje hupoa ghafula na kuwa ngumu, lakini kiini kingali moto. Joto la kiini hutoka polepole na kuilegeza ile ngozi, kama vile mhunzi alivyolegeza makali kwa joto la mgongo. Mwisho wake ni nondo yenye ngozi ngumu na kiini kinachopindika. Nondo hiyo ikikatwa, kichwa chake kikasuguliwa na kupakwa asidi, pete ya ngozi ile huonekana kwa macho.

Sasa fundi wa kijijini apewe nondo hiyo kwa ajili ya nguzo za darasa. Imekuwa ngumu kupinda, basi anawasha moto wa kuni na kuitia hadi iwe nyekundu, nayo inapinda kama nta. Anashukuru kwa kuwa kazi imekuwa rahisi. Lakini imekuwa rahisi kwa sababu nguvu imeondoka. Moto uliokuja bila magurudumu na bila maji umefuta, katika kipande kile kilichopindwa, kazi yote iliyofanywa kiwandani, na kipande kile ndicho kilichotazamiwa kushika kona ya nguzo. Saruji itaficha jambo hilo, na hakuna mkaguzi atakayeliona baadaye. Nondo hupindwa baridi, kwa kuzungushwa kwenye kigingi chenye unene unaofaa. Ikikosewa isinyoshwe na kupindwa tena mahali pale pale, kwa sababu ile ile ya waya wa mtoto.

Ni hivyo hivyo jikoni. Mpini wa jembe ukivunjika na kipande kikabaki ndani ya tundu, ni desturi katika nyumba nyingi kulitupa jembe katika moto wa jioni ili mti uungue. Asubuhi tundu ni safi, lakini jembe si lile la jana. Limelala katika makaa yenye joto kuliko rangi ya bluu mara mbili, na ugumu wake umekwenda na mti. Mwenyewe atasema kwamba majembe ya siku hizi ni mabovu, na kuna wakati husema kweli, lakini hili alilifanya mwenyewe. Kipande kile kiachwe kikauke juani siku mbili tatu, nacho kitasinyaa na kutoka kwa kugongwa kwa msumari mnene. Ikiwa hapana budi kutumia moto, ubapa wote wa jembe ufukiwe katika matope mabichi, lionekane tundu peke yake, na matope yaongezwe maji kila yakaukapo.

Lililo hatari kuliko yote ni la njiani. Katika msimu wa miwa, matrela hubeba mizigo mizito juu ya barabara zenye mashimo, na springi hukatika. Mahali pengi fundi wa kuchomelea huitwa, naye huunganisha vipande viwili vya springi kwa umeme, na gari likaondoka siku ile ile. Pale alipochomelea, na upana wa vidole viwili kila upande, hakuna tena springi. Mahali fulani pamekuwa laini kwa joto, na mahali fulani pamekuwa pagumu kama kioo kwa kupoa upesi, na mpaka wa sehemu hizo mbili ndipo ufa utakapoanzia. Hauanzi gari likiwa limesimama. Huanza likiwa na mzigo mteremkoni, na watoto wanaochomoa miwa wakiwa nyuma yake. Springi iliyokatika hubadilishwa. Haichomelewi, wala haitiwi motoni ili irudishiwe upinde wake, isipokuwa na mtu mwenye tanuru, mafuta, na ujuzi wa kuipa ugumu upya tangu mwanzo hadi mwisho.

Kipande kilichokatika hakikosi mnunuzi, kwani mhunzi atakitaka. Lakini katika biashara hii imo sheria. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, ambayo humtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Mwezi wa Januari mwaka 2022 biashara yote ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini Kenya kwa sababu ya watu waliobomoa milingoti ya umeme na mali nyingine za umma, ikafunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka huo huo. Wakati huo hata wahunzi wasio na hatia walipata shida ya malighafi. Kipande cha reli, pamoja na kwamba ni pua nzuri ya kutengenezea fuawe, hakinunuliwi kwa mtu aliyekileta usiku akikibeba begani. Springi ina mwenyewe, na mwenyewe ana gari. Mhunzi huuliza gari gani, na huandika jina na tarehe katika daftari kabla ya kutoa fedha.